Profesa Aliyehesabu Filamu: Jack Shaheen na Sura Tuliyobandikwa



Ndugu msomaji, kwanza kabisa tumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhan tukiwa na uhai na afya. Huenda unasoma makala haya umeshafuturu, kaimati mbili tatu zimebaki kwenye sahani na adhana ya Isha bado. Basi nipe dakika chache hizo kabla hujaenda taraweh, nikusimulie historia ya mtu mmoja ambaye vijana wengi wa Kiislamu hapa kwetu hawamjui, na ambaye nadhani tuna deni naye. Lakini kabla sijamtaja, hebu nianze na kisa changu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu nilikaa chumba kimoja na kijana wa bara, mtu wa heshima zake, tukigawana hata sabuni. Usiku mmoja jamaa watano sita walikusanyika chumbani kwetu kutazama filamu ya vita kwenye kompyuta. Katikati ya filamu akatokea mzee amevaa kanzu na kilemba. Hajasema neno, hajafanya kitu, amesimama tu mlangoni. Jamaa wote kwa pamoja wakapiga kelele: "Huyo ndiye mwenye bomu!" Na kweli, dakika kumi baadaye akawa ni yeye. Wakacheka. Mwenzangu wa chumbani akanigeukia akaniuliza, "Sasa hawa si ndugu zako?"

Nilinyanyuka nikatoka nje. Nilikasirika, wallahi, lakini jibu sikuwa nalo. Na nilipofika pale kwenye korido nikagundua jambo lililoniuma kuliko lile swali. Hata mimi, mtoto wa madrasa, niliyelelewa na babu avaaye kanzu na kilemba, nilijua ni yeye mwenye bomu kabla hajafungua kinywa.

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa Profesa Jack Shaheen. Mhadhiri wetu wa mawasiliano alimtaja darasani, nami nikaenda maktaba kumtafuta.

MTOTO WA MJI WA CHUMA

Jack Shaheen alizaliwa mwaka 1935 huko Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, katika familia yenye asili ya Lebanon. Alikulia Clairton, mji mdogo wa viwanda vya chuma karibu na Pittsburgh, mahali ambapo watu waliotoka nchi mbalimbali walikuja kutafuta riziki. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mkristo. Na hili nalisema mapema kwa sababu wahenga wetu walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya mtu huyu ilikuwa kutetea jina la Waarabu na Waislamu, na aliifanya bila ya kungojea mmoja wetu amwombe.

Alisoma sanaa za maonyesho na mawasiliano, akapata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1969. Kisha akaajiriwa kufundisha mawasiliano ya umma katika Chuo Kikuu cha Southern Illinois, tawi la Edwardsville. Hapo alikaa kama miaka 25. Mara mbili alipata ufadhili wa Fulbright, ule unaowapeleka wasomi wa Marekani kufundisha nchi za nje, akasomesha Beirut na Jordan.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, huyu ni profesa wa kawaida tu. Ana darasa, ana wanafunzi, ana mshahara. Angeweza kumaliza kazi yake hivyo na kustaafu kwa amani. Kilichombadilisha kilianzia sebuleni kwake.

WATOTO WALIOMWITA BABA

Mwenyewe alisimulia mara nyingi. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1970. Watoto wake wadogo walikuwa wakitazama televisheni asubuhi ya Jumamosi, wakati wa katuni. Wakamkimbilia baba yao kumwambia kwamba kuna Waarabu wabaya kwenye TV. Watoto hawa wana damu ya Kiarabu, na hapo ndipo walipofunzwa kwamba watu wa babu yao ni wabaya.

Kumbuka ulikuwa wakati gani. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta ziligoma kuiuzia Marekani kwa sababu ya vita na Israel, na bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne. Marekani watu walipanga foleni kwenye vituo vya petroli. Kwenye televisheni akazaliwa sheikh mnene wa mafuta, mwenye pete kila kidole, anayetaka kuinunua Marekani yote. Mwaka 1979 yakaja mapinduzi ya Iran, na wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani mjini Tehran wakashikwa mateka siku 444. Wairani si Waarabu, lakini nani alijali? Kwenye skrini wote walivaa kilemba kimoja.

Baba mwingine angezima televisheni akaendelea na chai yake. Shaheen akachukua daftari.

Alianza kutazama na kuandika. Kipindi gani, siku gani, nani alifanya nini, nani alisema nini. Alitazama zaidi ya vipindi 100 tofauti, karibu sehemu 200 kwa jumla, na akaenda kuwahoji watayarishaji na waandishi wenyewe waliovitengeneza. Kitabu chake, The TV Arab, kilitoka mwaka 1984, baada ya wachapishaji wengi kuukataa muswada wake.

Alionyesha kwamba Mwarabu wa televisheni ana sura chache tu zinazorudiwarudiwa: ama ni tajiri wa kupindukia, ama ni mshenzi asiye na ustaarabu, ama ni mwenye tamaa ya wanawake, ama ni muuaji anayefurahia kumwaga damu. Baadaye Shaheen alifupisha kwa kusema kwamba kwa Hollywood Mwarabu ni bilionea, mlipuaji mabomu au mcheza densi ya tumbo. Muuza duka hayumo. Daktari hayumo. Mama anayempeleka mtoto wake shule hayumo. Yaani wewe na mimi na watu wetu wote hatumo.

KAZI YA KUHESABU

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, ndugu yangu, kwa hiyo tega sikio.

Madrasani ustadhi wetu alikuwa akitufunza jinsi wanavyuoni wa hadithi walivyofanya kazi. Mtu akija na habari, haipokelewi kwa sababu inapendeza, wala haikataliwi kwa sababu inaudhi. Inaulizwa imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na kila mmoja katika mnyororo huo anapimwa ukweli wake na hifadhi yake. Imamu Bukhari alisafiri miji na miji kwa kazi hiyo. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuchunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Shaheen hakusoma madrasa, lakini alifanya uchunguzi wa namna hiyo hiyo kwa filamu. Kwa muda wa miaka kama 20 alitafuta kila filamu ya Marekani yenye Mwarabu ndani yake, kuanzia zile za kimya za mwisho wa karne ya 19. Matokeo yake ni kitabu kinene, Reel Bad Arabs, kilichotoka mwaka 2001, mwaka ule ule wa mashambulizi ya Septemba 11. Ndani yake kuna zaidi ya filamu 900, moja moja kwa jina lake na mwaka wake. Kwa hesabu yake, zilizowaonyesha Waarabu kwa wema zilikuwa 12. Zilizowaonyesha kwa usawa, wema na wabaya kama binadamu wengine, zilikuwa 52. Zilizobaki zote ni sura mbaya.

Hebu simama hapo kidogo. Mtu akikuambia "Hollywood wanatuchukia", mwenye kusikia atacheka aseme wewe unajishuku tu. Lakini mtu akiweka mezani orodha ya filamu 900, na karibu zote zinaimba wimbo mmoja, kicheko kinakatika. Waarabu wana methali, na Shaheen aliipenda sana, kwamba kurudiarudia humfunza hata punda. Sisi watu wa pwani tunamjua punda vizuri. Ukimpitisha njia moja kila siku, siku moja utamwachia kamba naye atafika mwenyewe. Ndivyo tulivyofika pale chumbani kwetu, jamaa zangu na mimi pamoja, tukamjua mwenye bomu kwa kilemba chake.

Na madhara yake si ya kwenye skrini tu. Tarehe 19 Aprili 1995 jengo la serikali lilipuliwa katika mji wa Oklahoma City, Marekani, na watu 168 wakafa. Katika masaa ya mwanzo vyombo vya habari vilianza kuwanyooshea kidole watu wa Mashariki ya Kati. Ushahidi haukuwepo, lakini ile picha ilikuwepo vichwani tayari. Aliyefanya kitendo kile alikuwa Timothy McVeigh, Mmarekani mweupe aliyewahi kuwa mwanajeshi wa nchi yake. Hakuna aliyesema tuwaogope wanajeshi wastaafu wote weupe. Na ni sawa hawakusema. Lakini kwa nini sisi tusihesabiwe hivyo hivyo?

Nikupe mfano wa filamu moja inayotugusa. Rules of Engagement ya mwaka 2000 inaonyesha wanajeshi wa Marekani wakiwapiga risasi Wayemeni 83 nje ya ubalozi mjini Sanaa, wanawake na watoto wakiwemo. Mtazamaji anamwona mtoto wa kike mwenye mguu mmoja, roho inamwuma. Kisha mwisho wa filamu inafichuliwa kwamba umati ule ulikuwa na silaha, na yule mtoto mwenyewe alikuwa akifyatua bastola. Kwa hiyo mtazamaji anaondoka akiamini kwamba waliuawa kwa haki. Kisa hiki ni cha kutunga, na filamu yenyewe ilipigwa Morocco. Shaheen aliilaumu vikali. Pia alifichua kwamba filamu nyingi za namna hii, ikiwemo hiyo na True Lies ya mwaka 1994, zilipata msaada wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani katika kutengenezwa. Sasa wewe wa Mombasa, Lamu au Malindi, ambaye babu yako alishuka kutoka Hadhramaut na jahazi lake, fikiria kwamba mamilioni ya watu duniani wameijua Yemen kwa mara ya kwanza kupitia mtoto yule.

MEZANI NA WATENGENEZAJI

Wasomi wengi wakishamaliza kuandika kitabu, kazi yao imekwisha. Shaheen hakuishia hapo. Alitoka darasani akaenda kukaa meza moja na wale wale aliowalaumu.

Mwaka 1992 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya katuni ya Aladdin. Watoto dunia nzima waliipenda, na sisi pia tuliitazama. Lakini katika wimbo wa ufunguzi mwimbaji alijisifu kwamba anatoka nchi ambayo mtu akichukiwa kwa sura yake anakatwa sikio. Tena jamaa wema wa filamu, Aladdin na Jasmine, wanazungumza kama Wamarekani, na wabaya ndio wenye lafudhi nzito. Shaheen pamoja na mtangazaji maarufu wa redio Casey Kasem, naye pia mwenye asili ya Lebanon, na jumuiya ya American-Arab Anti-Discrimination Committee iliyoundwa mwaka 1980, waliipelekea Disney malalamiko yao kwa hoja. Filamu ilipotoka kwenye kanda za video mwaka 1993, ule mstari wa kukata masikio ulikuwa umebadilishwa.

Neno la kuiita nchi hiyo ya kishenzi, hata hivyo, lilibaki. Lilikaa mpaka filamu mpya ya Aladdin ilipotoka mwaka 2019, ndipo likaondolewa. Miaka 27 kwa mistari miwili ya wimbo mmoja! Na ile ya pili ilipobadilishwa, Shaheen alikuwa ameshafariki. Nakwambia hivi usije ukadhani kazi hii ni ya wiki moja na hashtagi.

Polepole milango ikaanza kufunguka. Katika miaka ya 1990 shirika la habari la CBS lilimtumia kama mshauri wa mambo ya Mashariki ya Kati. Watengenezaji wa Three Kings, filamu ya mwaka 1999 kuhusu vita vya Ghuba vya mwaka 1991, walimwita awe mshauri wao. Ukiitazama utaona tofauti. Wairaqi wamo wa kila aina: kina baba, kina mama, waasi wanaotafuta uhuru, na askari wa Saddam. Hata yule afisa wa Iraq anayemtesa mwanajeshi wa Marekani anamweleza jinsi bomu lilivyomuua mtoto wake mdogo. Ni mbaya, lakini ni mtu. Alikuwa mshauri pia wa Syriana, ya mwaka 2005, inayohusu siasa za mafuta.

Hapa kuna jambo vijana wengi hatulielewi. Shaheen hakudai kwamba Mwarabu au Mwislamu asionyeshwe kamwe kuwa mbaya. Wabaya wapo kila taifa. Alichodai ni haki ile ile wanayopewa wengine, yaani akiwepo mbaya mmoja aonekane na muuza mkate jirani yake, na mwalimu, na mtoto anayecheza mpira. Samaki mmoja akioza wote huoza, hiyo ni methali ya samaki. Kwa binadamu dini yetu imetufunza kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine.

KUWAJENGA WENGINE

Sehemu ya mwisho ya kazi yake ndiyo ninayoipenda zaidi. Alijua kwamba kulaumu picha za wenzako hakutoshi kama wewe mwenyewe hutengenezi picha. Basi yeye na mkewe walianzisha ufadhili wa masomo kwa wanafunzi Wamarekani wenye asili ya Kiarabu wanaosomea uandishi wa habari, redio, televisheni na filamu. Aliwataka waingie ndani, wakae kwenye vyumba vile ambamo hadithi zinaandikwa.

Alizunguka pia kutoa mihadhara vyuoni na kwenye kumbi za watu wa kawaida. Mwaka 2006 kitabu chake kikageuzwa kuwa filamu ya maelezo yenye jina lile lile, Reel Bad Arabs, na yeye mwenyewe ndiye anayezungumza humo. Hapandishi sauti. Anaonyesha kipande cha filamu, anaeleza, anaonyesha kingine. Mwaka 2008 akaandika kitabu kingine, Guilty, kuhusu filamu zilizotoka baada ya Septemba 11, na humo alisifu pale palipostahili sifa kama alivyolaumu pale palipostahili lawama. Mkusanyo wake wa filamu, mabango, vitabu vya katuni na vitu vya kuchezea watoto aliukabidhi Chuo Kikuu cha New York, ili wanafunzi wa kesho waukute ushahidi.

Alifariki tarehe 9 Julai 2017, akiwa na umri wa miaka 81.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, utasema hayo ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Basi nikurudishe nyumbani.

Mwaka 2015 ilitoka filamu ya Uingereza, Eye in the Sky, na kisa chake kinatokea Eastleigh, Nairobi. Inahusu ndege isiyo na rubani inayotaka kulipua nyumba yenye magaidi. Nilipoitazama nilijaribu kufanya kama Shaheen. Nilichukua daftari nikagawa ukurasa sehemu mbili.

Upande wa kwanza niliandika: Eastleigh ya filamu inatawaliwa na wanamgambo wenye bunduki barabarani, kana kwamba serikali ya Kenya haipo. Anayeijua Eastleigh ya kweli, yenye maduka ya nguo, matatu, mama wa mboga na foleni ya magari isiyokwisha, atashangaa. Na filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini. Aprili 2014, mwaka mmoja tu kabla ya filamu hiyo, operesheni ya Usalama Watch ilikamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakashikiliwa katika uwanja wa Kasarani. Picha kama hii inawafuata watu hao hao.

Upande wa pili niliandika: yule jasusi Mkenya anayehatarisha roho yake kumwokoa mtoto anayeuza mkate, mpaka ananunua mikate yote ili mtoto aende zake, ameigizwa na Barkhad Abdi, Msomali. Baba wa mtoto ni Mwislamu mpole anayemsomesha bintiye kwa siri. Na mwisho hata wale wenye bunduki wanasaidia kumbeba mtoto kupelekwa hospitali. Haya pia ni kweli, na ningeyaficha ningekuwa mwongo.

Nilipomaliza hasira yangu ilikuwa imepungua, na mahali pake nilikuwa na hoja. Vitu viwili tofauti hivyo. Katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Hiyo ni amri, na inatubana hata tunapodhulumiwa.

Na sasa niseme lile zito. Siku hiyo niligeuza daftari langu upande wetu. Je, sisi tunawasimulia wenzetu vipi? Vichekesho vyetu vya barazani kuhusu mtu wa bara, kuhusu kabila fulani, kuhusu majirani wa dini nyingine, vina sura ngapi? Mara ngapi tumesikia mlevi, mwizi au asiyejua adabu akisimuliwa, na kabla msimuliaji hajamaliza tukajua ni wa wapi? Mimi nilijaza ukurasa mzima kutoka kumbukumbu ya mtaani kwetu peke yake, na niliona haya. Suratul Hujurat hiyo hiyo, katika aya ya 11, inatukataza watu kuwadharau watu wengine na kuitana majina mabaya. Hatuwezi kudai haki ambayo wenyewe hatuitoi.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma, na nyinyi wazazi mlioketi naye, nawaombeni mambo matatu.

Kwanza, ukiona filamu, habari au kichekesho kinachokuudhi, usikimbilie kutukana. Andika. Jina, tarehe, kilichosemwa. Kisha mwandikie mhariri au kituo chenyewe kwa adabu, na utaje ushahidi wako.

Pili, wazazi, mtoto akisema anataka kusomea uandishi wa habari, utangazaji au filamu, msimwambie hiyo si kazi ya mtoto wa watu wa dini. Tuna madaktari, tuna mawakili, alhamdulillahi. Nani ataandika hadithi ya muuza mkate wetu?

Tatu, kaeni na watoto wenu wanapotazama televisheni. Shaheen alianza kazi yake ya maisha kwa sababu watoto wake walikuwa na baba wa kumkimbilia, naye akawasikiliza.

Nimalizie na mwenzangu wa chumbani. Baada ya kusoma habari za Shaheen nilimwambia tutazame tena ile filamu, sisi wawili tu. Nilimpa kalamu. Kila akitokea mtu wa kanzu aandike anafanya nini. Mwisho alikuwa na alama 14, zote za kuua au kufa. Hakuna hata mmoja aliyekula, aliyecheka au aliyemwita mtoto wake kwa jina. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Aise, sikuwa nimeona." Nikamwambia, hata mimi.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda naye nyumbani. Babu yangu, na kanzu yake na kilemba chake, akamkaribisha mkekani, akamsogezea sahani ya mahamri na mbaazi, akamwuliza habari za mama yake.

Mwenyezi Mungu atukubalie swaumu zetu na atujaalie kuwa mashahidi waadilifu. Ramadhan Karim.

Wabillahi tawfiq.